4WD ya mkononi kwa safari za familia: tusaidiane kabla hela haijatoka

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za muda huu.

Nyumbani tuko watano: mimi, mama watoto na watoto watatu. Mkubwa yuko darasa la sita, mdogo bado anakaa kwenye kiti cha mtoto. Safari nyingine mama mkwe huungana nasi. Tumechoka kuiona nchi yetu kwenye simu. Mpango ni kutoka kila likizo ya shule: Mikumi na Saadani zikipatikana siku tatu nne, Lushoto mpaka Mtae, halafu Desemba, Mungu akijalia, Ruaha, Kitulo na kumalizia Matema, Ziwa Nyasa. Tunalala kwenye hema na tunapika wenyewe.

Natafuta 4WD (gari inayovuta kwa magurudumu yote manne) ya mkononi. Bajeti ni milioni 30 taslimu, hakuna mkopo. Gari ndogo ya kwendea kazini ipo, kwa hiyo hii ni ya safari na dharura. Nimezitazama Prado ya zamani (modeli ya 95), RAV4 ya 2006 kuendelea, na Suzuki Escudo. Dalali ananisukumia Prado, shemeji ananiambia RAV4 kwa sababu ya mafuta. Naomba waliokwisha kupita njia hizo wakiwa na familia waniambie cha kuangalia. Natanguliza shukrani.

Dereva wa watalii (Arusha)

Karibu barabarani mkuu. Usukani wa Land Cruiser hardtop na Land Rover Defender ndio unaonilisha, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Usianze na jina la gari, anza na njia. Saadani na Mikumi za kiangazi, Juni mpaka Oktoba, hata gari ya kawaida iliyonyanyuka kidogo itapita barabara kuu za hifadhi. Ila likizo za watoto haziangalii kiangazi. Desemba unayoitaka, Nyanda za Juu Kusini mvua imeshashika. Na hata Mikumi, bonde la Mkata ni udongo mweusi wa mbuga. Ukikauka unapita bila wasiwasi. Ukilowa, tairi likizunguka mara moja tu meno yote yamejaa, linakuwa laini kabisa, na hapo 4WD yoyote yenye matairi ya lami inakaa chini kusubiri trekta.

Kitulo ni habari nyingine. Ukipandia Chimala kwenda Matamba unakutana na Hamsini na Saba, na jina ni hesabu ya kona zenyewe, umeelewa mlima ukoje. Watu wengi wanadhani ile gia nzito ya 4L (inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu) ni ya tope. Kwa mtu mwenye familia, kazi yake kubwa ni kushuka. Gari ya tani mbili, watu sita, hema na maji juu ya keria: ukishuka kwa breki peke yake, diski zinashika moto, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama mpaka chini na kona inayofuata hiyo hapo. Ukiweka 4L na gia ya kwanza, injini ndiyo inayoishikilia gari, wewe unagusa breki kidogo tu. Ndivyo tunavyoshuka Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro, na kule chini gari isiyo 4WD hairuhusiwi kabisa.

Sasa rudi kwenye gari zako. RAV4 haina 4L. Ina kitufe cha LOCK kinachopeleka nguvu mbele na nyuma, na ukivuka mwendo wa kilomita 40 kwa saa kinajiachia. Kutoka kwenye mchanga kinasaidia, kushuka Hamsini na Saba hakikusaidii chochote. X-Trail hali ni hiyo hiyo, na Forester za automatiki pia. Prado 95 inayo 4L, Escudo nyingi zinayo. Kwa safari ya Kitulo mimi RAV4 nimeshaiweka pembeni. Ungesema mwisho wenu ni Lushoto na Saadani ya kiangazi, ningesema shemeji yuko sahihi.

Mdau (Mwanza)

Nyongeza muhimu, maana nimeona watu wakilia. Siyo kila RAV4 ni 4WD.

Wajapani hutoa gari moja kwa aina mbili, ya kuvuta mbele tu na ya kuvuta yote manne, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Fungua boneti usome kibao cha modeli. RAV4 ya kizazi cha tatu: ACA31 ni 4WD, ACA36 inavuta mbele tu. Ya kizazi cha pili: ACA21 inavuta yote, ZCA26 ya 1.8 ni mbele tu. Vanguard ni ACA33 dhidi ya ACA38. Harrier ile ya pili ni ACU35 dhidi ya ACU30. X-Trail, NT30 na NT31 zenye N mwanzoni ndizo za 4WD.

Kibao kikiwa kimechakaa, inama uangalie nyuma. Kama hakuna propela shafti (chuma kirefu kinachozunguka) inayokwenda nyuma na hakuna difu (boksi la gia linalogawa nguvu) katikati ya magurudumu ya nyuma, hiyo siyo 4WD hata dalali aape kwa jina la mama yake.

Mdau mwenye Prado (Mbeya)

Heshima kwa kaka wa Arusha, umemaliza habari ya njia. Ila mleta mada, usiikimbie Prado kwa sababu dalali ndiye anayekuuzia. Nina RZJ95, injini 3RZ ya 2.7 petroli, na Matema naiendea hata masika. Tatu tu nakwambia.

Kwanza, imekaa juu ya chesisi halisi, na nyuma ina ekseli moja nzima, hivyo mzigo wa familia haiuogopi. Pili, inavuta yote manne muda wote, na ukisukuma kile kijiti kidogo unafunga difu ya katikati, mbele na nyuma zivute sawa, na kupata gia nzito. Tatu, na hili ndilo linalonifanya nisiiuze: ikinisumbua Tukuyu, Makete au Songea, spea ipo na fundi anayeijua yupo. Huko kwenye Escudo utaambiwa subiri basi kutoka Dar. Mafuta ndiyo, inakula, kilomita 7 au 8 kwa lita. Lakini umesema ni gari ya safari, siyo ya foleni ya Mwenge.

Kimbia ile ya dizeli 1KZ kama hujui historia yake. Ikichemka mara moja silinda hedi inaweza kupasuka.

Fundi (Iringa)

Nimesoma wote, wote mna hoja. Mimi nakaa chini ya Prado na Escudo karibu kila wiki, maana mlima wa Kitonga unaniletea wateja. Gari iliyokuwa ikijificha mjini Dar, ikipanda Kitonga na AC imewashwa ndiyo inasema ukweli wake.

Kaka wa Mbeya, Prado yako umeilea mwenyewe. Anayoletewa mleta mada hajui nani ameilea. Prado 95 ya mwisho ni ya 2002. Maana yake hata iliyo nzuri ina zaidi ya miaka 20, imeshapita mikononi mwa watu wengi, na kuna uwezekano mkubwa ilishawahi kubadilishwa injini. Escudo TD54 ya 2.0 imeanza 2005, ni changa kuliko hiyo na kwa kawaida bei yake iko chini. Inavuta yote manne muda wote, ina kufuli ya katikati na ina 4L kwa kitufe cha kuzungusha pale dashibodi. Kwa hiyo mimi sipimi Prado na Escudo. Napima Prado iliyochoka na Escudo iliyotunzwa, kwa sababu ndicho kitu milioni 30 itakachokuletea mlangoni. Ukikutana na Prado iliyotunzwa kwa hela hiyo, chukua bila kufikiri mara mbili.

Na usiimalize milioni 30. Gari iwe 24, ikizidi sana 25. Kinachobaki ni cha matairi, bushi, mafuta yote ya chini na yale ambayo wewe na mimi hatujayaona.

Sasa namna ya kuikagua, na hapa naomba unisome polepole.

Mwambie muuzaji unakuja saa moja asubuhi na asiiwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ahirisha, kuna kitu kimefichwa. Ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi yake ya kulenti (dawa ya kupozea injini), kijani au nyekundu, yawe yamejaa mpaka juu. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu, huyo mtu ana gari inayopungua maji na anaongeza kila siku. Pitisha kidole ndani ya kifuniko, ukipata utelezi wa mafuta, ondoka. Kifuniko cha oili nacho, ukikuta uji mweupe upande wa ndani, maji na oili vimekutana.

Washa. Sikiliza sekunde za kwanza, ndizo za maana. Escudo ikilia kama mnyororo unaogonga bati kwa sekunde kadhaa kisha ikanyamaza, cheni ya taimingi imelegea na hiyo kazi siyo ya laki mbili. Iache iungurume imesimama dakika 20 na AC imewashwa, mshale wa joto usipande. Bonyeza paipu kubwa ya juu ya rejeta kwa kitambaa: ikijaa upepo na kuwa ngumu mara tu baada ya kuwashwa, kabla injini haijapata moto, gasketi ya hedi inapumua.

Kisha lala chini. Usimtume mtu, lala mwenyewe na tochi. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo, hasa pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinapokaa. Mlio uwe mkali. Mlio mzito uliozibwa ni kutu iliyopakwa rangi nyeusi. Gari zilizotoka maeneo ya theluji Japani, na zile zilizokaa Tanga na Unguja karibu na bahari, nyingi zina hilo. Angalia difu ya mbele, ya nyuma na transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma). Jasho la oili la kawaida nalivumilia, tone linaloning'inia silivumilii. Fundi wako afungue nati ya kujazia difu achovye kidole: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, gari iliingia kwenye maji na hakuna aliyeimwaga.

Halafu 4WD yenyewe. Wauzaji wengi hawajawahi kuigusa tangu wanunue. Nendeni kwenye kiwanja cha udongo, siyo lami. Simama, gia iwe N, weka 4L. Taa ya dashibodi iwake na itulie. Ikiendelea kuwaka na kuzima haijaingia, na usikubali neno "ni sensa tu". Ikishaingia, gari itembee taratibu sana bila kukanyaga mafuta, na ukikanyaga, uvumo wa injini upande lakini mwendo uongezeke kidogo tu. Kata kona yote: ukihisi gari inajikaza na tairi zinakwaruza udongo, kufuli inafanya kazi. Usilifanye hilo kwenye lami kavu, utavunja kitu. Rudisha 4H (gia ya kawaida), rudi nyuma mita chache, taa izime.

Mwisho ni mlima. Kama mko Dar, hata Pugu itafaa. Panda na AC, watu wanne ndani. Automatiki isichelewe kubadilisha, isibadilishe gia kwa kishindo.

Mama wa watoto wawili (Dodoma)

Naona kaka zangu mmezama chini ya gari, nami niseme ya ndani, maana huko ndiko familia inakokaa.

Nenda na watoto kwenye kuiangalia. Wote watatu wakae kiti cha nyuma pamoja na kiti cha mdogo, milango ifungwe, mzunguke robo saa. Escudo nyuma ni watu watatu, na kiti cha mtoto kikishafungwa, wawili waliobaki wanabanana mabega. Kutoka Dar mpaka Iringa wakiwa hivyo, mtafika mmeshagombana. Na bibi mtamweka wapi? Prado 95 ya milango mitano ina viti vya tatu nyuma, ila ukivikunjua, mizigo yote inahamia kwenye keria. Hesabu hiyo muifanye kabla.

Vuta mikanda yote mpaka mwisho, hasa ya nyuma. Nafanya hivyo kwa sababu mbili. Mkanda wa mtoto lazima urudi wenyewe na ushike ukiuvuta kwa ghafla. Na pale chini kabisa, sehemu isiyovutwa na mtu, ndipo tope la mafuriko linabaki. Gari iliyozama huoshwa viti na zulia, lakini mstari wa tope kwenye mkanda huwa wanausahau. Kwenye Toyota nyingi lebo ya mkanda ina mwaka uliotengenezwa pia. Ukikuta mkanda mmoja una mwaka tofauti na mingine, uliza kwa nini.

Na keria jamani. Maji ya lita 20 ni kilo 20. Madumu matatu, jiko, hema na tairi ya akiba huko juu, kisha unakata kona mlimani. Vizito viwe chini nyuma ya viti na vifungwe kwa mkanda, juu paende mahema na magodoro tu.

Mdau (Nairobi)

Nawafuatilia kutoka huku. Mna bahati ya kuagiza gari yenye umri mnaoutaka. Huku Kenya gari iliyozidi miaka 8 haiingii bandarini, kwa hiyo Prado za zamani tulizonazo ni zile zilizokwishakuwa ndani ya nchi na bei zake hazishuki. Ndiyo maana wengi wetu wenye familia tumeishia kwenye Forester na X-Trail.

Kwa wanaoifikiria X-Trail: ile T30 automatiki yake ni ya gia za kawaida. T31 ni CVT (automatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua), na nikienda Magadi wakati wa joto nikiwa nimepakia, inapata moto mlimani mpaka inapunguza nguvu yenyewe. Kwa Forester, matairi manne yawe saizi moja na uchakavu unaofanana, la sivyo unaua kiungo cha katikati polepole. Hilo ni kwa gari yoyote inayovuta yote manne muda wote, hata hiyo Escudo.

Mleta mada

Wakuu nashukuru sana, nimejifunza kwa siku mbili nilichokosa mwaka mzima. RAV4 nimeiacha. Swali: ni bora niagize Japani au nichukue ya mkononi? Na kwenye makaratasi nisikose nini?

Mdau (Morogoro)

Kuagiza fungua kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato), weka modeli na mwaka uone mwenyewe. Kinachoumiza gari hizi ni uchakavu: ya miaka 8 mpaka 10 inaongezwa 15%, iliyovuka 10 inaongezwa 30%, nje ya ushuru wa forodha na VAT ya 18%. Injini nayo ina ngazi zake: 1001 mpaka 2000cc ni 5%, kuvuka hapo ni 10%. Kwa hiyo Escudo ya 2.0 iko ngazi ya chini na Prado ya 2.7 iko ya juu. Faida ya kuagiza ni karatasi ya mnada, unaona ilipigwa wapi na kilomita zake halisi. Gari ikishakaa nchini, namba ya kilomita pale dashibodi mimi siiamini hata kidogo, naangalia mpira wa pedali ya breki na ukingo wa usukani.

Mkononi, kadi iwe ya asili na jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyekaa mbele yako, na kitambulisho cha NIDA mkononi. "Nilinunua kwa mtu sijabadilisha jina" ni sababu ya kutosha kuondoka, hata kama gari ni nzuri. Namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye kadi peke yake, na namba ya injini vilevile. Angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, kila kosa ni 30,000 na yakilundikana utayalipa wewe. Kadi ya wengi siku hizi imelazwa kwa wakopeshaji, kwa hiyo ukiambiwa "kadi iko kwa ndugu Mwanza itakuja", hela nayo ikae benki mpaka kadi ifike. Mkataba mbele ya wakili, mke au mume wa muuzaji asaini, na umiliki ubadilishwe TRA mara moja. Baada ya hapo chukua bima kubwa, gari ya kwenda hifadhini siyo ya bima ndogo.

Mleta mada

Mrejesho. Wikendi nimekwenda kuona mbili, nikiwa na fundi na watoto wote kama dada wa Dodoma alivyoshauri.

Ya kwanza Prado 95, VZJ95 ya 3.4, milioni 27, "haina changamoto, njoo na fundi wako". Nilikuta boneti ya moto saa moja asubuhi. Muuzaji akasema ametoka kuoshea. Rangi inang'aa, ndani safi, watoto wameipenda. Chini, chesisi imepakwa rangi nyeusi mbichi, na fundi alipogonga juu ya ekseli ya nyuma upande wa kushoto, magamba yalidondoka mazito kama maganda ya mti. 4L ilikataa kuingia, kijiti kigumu hakisogei.

Ya pili Escudo TD54W ya 2007, milioni 22, mwenye nayo ni mwalimu mstaafu, jina la kwenye kadi ni lake. Injini ya baridi, maji ya kijani, sekunde za kwanza kimya. 4L iliingia mara ya pili, taa ikatulia. Kasoro: bushi za mikono ya mbele zimekwisha, shokapu mbili za nyuma zinavuja, matairi manne yana namba 1416, na kuna uvumo kutoka mbele ukifika mwendo wa 80. Rangi imepauka juu. Mkubwa analalamika kubanana. Mama mkwe tumekubaliana atasafiri kwa basi, maana viti ni vitano tu, na mkubwa atakaa mbele na mama yake atakaa nyuma na wadogo.

Mnasemaje?

Fundi (Iringa)

Hiyo ya kwanza futa namba ya simu. Chesisi iliyofika kudondosha magamba haitengenezwi kwa hela uliyonayo, na kijiti kuwa kigumu maana yake transfa haijaguswa miaka. Na 3.4 inatumia mkanda wa taimingi, hujaniambia kama kuna risiti ya kubadilishwa. Nadhani jibu unalo.

Ya pili, bushi na shokapu nisingezihesabu kuwa kasoro, hizo ni za kununua dukani. Matairi 1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016, hayafai kwa safari hata kama meno yapo, mpira umeshakauka. Toa bei yake kwenye mazungumzo. Uvumo wa mbele kwenye 80 ndio ninaoutaka ujue kabla ya kulipa. Inaweza kuwa bearingi ya gurudumu, inaweza kuwa difu ya mbele, na bei za hizo mbili zimeachana mbali. Endesha 80 kwenye barabara nyoofu, yumbisha kidogo kushoto na kulia. Uvumo ukiongezeka unapokata usukani upande mmoja, ni bearingi ya upande wa pili. Usipobadilika kwa kuyumba lakini ukabadilika unapoachia mafuta na kukanyaga, ni difu. Hapo mwambie muuzaji aifungue oili ya difu ya mbele mkiwa wote wawili. Ung'aavu mwembamba kwenye sumaku ya nati ni wa kawaida, vipande vya chuma siyo.

Mleta mada

Nimerudi kwa mzee leo. Ukikata usukani kushoto uvumo unaongezeka, kulia unapotea. Tumefungua na oili ya difu, sumaku ina unga tu. Mzee ameshuka mpaka milioni 20 na laki tano kwa sababu ya matairi. Wakili kesho saa nne.

Fundi (Iringa)

Basi ni bearingi ya kulia mbele. Chukua.

Kabla ya safari yoyote: mwaga oili ya injini, gia boksi, transfa na difu zote mbili, ujue tarehe ya kila kitu ni yako. Kulenti mpya, themostati mpya, kifuniko cha rejeta kipya. Mafuta ya breki mapya yote, siyo kuongezea, kwa sababu ya ile milima. Matairi 225/65R17 au saizi iliyoandikwa kwenye kibao cha mlango wa dereva, ya A/T (ya lami na njia mbaya), manne kwa pamoja na la akiba liwe saizi hiyo hiyo. Zungusha 4L mara moja kila mwezi hata kama uko mjini, utaratibu wake ukae laini.

Dereva wa watalii (Arusha)

Hongera mkuu. Safari ya kwanza iwe Mikumi, siku mbili, siyo Kitulo. Ni kilomita zipatazo 300 za lami, na gari ikisumbua Morogoro iko njiani.

Beba pampu ya upepo ya betri na geji. Kwenye mchanga wa Saadani shusha upepo mpaka 20 psi, ukirudi kwenye lami jaza. Koleo, mbao mbili nene za kuweka chini ya jeki, na kamba ya kuvutia ya kitambaa, siyo mnyororo. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya chesisi, na wakati wa kuvutwa watoto na mama watoke nje wasimame mbali, upande, kuzidi urefu wa kamba yenyewe. Kamba ikikatika inarudi kwa nguvu ya kuua.

Ukifika kwenye maji usiyoyajua, shuka, tembea kwanza na fimbo. Pale ambapo huwezi kutembea kwa miguu, usipitishe familia. Hifadhini huruhusiwi kushuka ovyo, kwa hiyo huko geuza tu, uliza getini njia nyingine.

Mleta mada

Nimeipokea. Kadi iko TRA inabadilishwa jina, gari iko kwa fundi wa bearingi na bushi, matairi yanafungwa Ijumaa. Mikumi tumeiweka likizo ya Juni. Nikitoka huko nitaleta hapa matumizi ya mafuta na gharama zote za matengenezo kwa risiti, ili mwenye bajeti kama yangu ajue hesabu kamili.